Vyombo ni vya nani? Kutoka Sinza kwa Remmy hadi Mwananyamala ya Jagwa

Wadau, nimekuwa kimya wiki kadhaa. Mnajua mambo ya chumba cha habari, ukimaliza bajeti kuna mafuriko, ukimaliza mafuriko kuna uchaguzi. Leo nimepata nafasi, basi tuingie moja kwa moja kwenye jambo ambalo limekuwa likinikera muda mrefu.

Vijana wenzangu tuliopita vyuoni tunapenda sana bendi za gitaa za Uingereza na Marekani, zile zinazoitwa bendi huru. Tunazisifu kwa sababu hazikusubiri kampuni kubwa. Walinunua vyombo chakavu, wakafanya mazoezi gereji, wakarekodi kwa fedha za mfukoni, halafu wakazunguka miji na gari bovu. Historia hiyo tunaijua kwa tarehe. Lakini muulize kijana huyo huyo akutajie bendi huru ya Dar es Salaam. Atakuna kichwa, kisha atakwambia kwamba hapa kwetu hazikuwahi kuwepo.

Mimi nimekulia Tandika, Temeke, na ninasema zilikuwepo. Tena tunazo mbili ambazo zilifika mpaka kwenye majukwaa ya Ulaya, kila moja kwa njia yake. Tatizo ni kwamba tunaziangalia kwa kipimo cha watu wengine. Kwetu swali la kwanza halikuwa "nani kakurekodi?" Swali lilikuwa rahisi na gumu zaidi: vyombo ni vya nani?

WAKATI BENDI ZILIPOKUWA NA MWAJIRI

Hebu turudi nyuma kidogo. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Wanamuziki wakawa waajiriwa. Baada ya hapo karibu kila taasisi yenye uwezo ikataka ya kwake. Polisi walikuwa na yao, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na yake, vijana wa chama nao wakawa na Vijana Jazz, na Shirika la Bima likaja na Bima Lee.

Sababu ilikuwa fedha za kigeni. Gitaa la umeme, ampilifaya na seti ya ngoma vilitoka nje, na nje kulitaka dola ambazo nchi haikuwa nazo. Miaka ya 1970 na 1980, mtu binafsi kuagiza vyombo kamili vya bendi ilikuwa kama ndoto ya mchana. Kwa hiyo taasisi ndiyo iliyonunua na kulipa mshahara, na mwanamuziki akaleta kipaji chake.

Mfumo huo ulitupa muziki mtamu kweli, sina ubishi. Lakini angalia jinsi majina yalivyokuwa yakibadilika. NUTA ikawa JUWATA, bendi ikaitwa JUWATA Jazz. JUWATA ikawa OTTU mwaka 1991, bendi nayo ikafuata. Ndiyo hiyo hiyo tunayoijua leo kama Msondo Ngoma. Watu wale wale, ngoma ile ile, lakini jina la mlangoni linabadilika kila mwenye nyumba anapobadilika.

Au chukua Mlimani Park, Sikinde wenyewe. Ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi. Mwaka 1983 ikahamia mikononi mwa DDC, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, na hapo ndipo likaja jina la DDC Mlimani Park. Miaka miwili baadaye, 1985, mfanyabiashara mwenye Orchestra Safari Sound akawachukua baadhi ya nguzo zake, akiwemo Muhidin Maalim Gurumo. Mwenye vyombo vizuri na mshahara mzuri ndiye aliyepata wapigaji. Mashabiki wakalia, wakachagua upande, maisha yakaendelea.

Ndani ya mazingira hayo, bendi isiyo na shirika nyuma yake ilikuwa kama mtu anayejenga nyumba bila kiwanja.

DOKTA REMMY NA VYOMBO VYA MATIMILA

Ukipanda daladala leo ukipita Sinza, kondakta ataita "Kwa Remmy!" na watu watashuka bila kufikiri. Wengine waliozaliwa juzi wanadhani ni jina la duka. Wadau, huyo ni Ramadhani Mtoro Ongala, na mpaka leo sijui mwanamuziki mwingine wa mji huu anayetajwa mara nyingi hivyo kwa siku na watu wasiomjua.

Alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947. Mwaka 1978 akaja Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Makassy wakahamia Nairobi, Remmy akabaki Dar. Akaingia bendi iliyoitwa Matimila, na jina hilo lilikuwa la mfanyabiashara mwenye vyombo. Unaona? Hata bendi iliyokuwa nje ya mashirika ya umma ilibeba jina la mwenye gitaa.

Remmy akaigeuza ikawa Super Matimila, bendi ya kwake kwa roho hata kama si kwa karatasi. Muziki wake akauita "ubongo", na mimi napenda jina hilo kwa sababu lilisema wazi alichokuwa anafanya. Gitaa zilikuwa na asili ya Kongo, zinazunguka na kuzunguka, lakini juu yake alikuwa anazungumza. Alizungumza kuhusu kifo, umaskini na watu wanaodharauliwa. Bendi ya taasisi ilikuwa na mwajiri wa kumfikiria kabla ya kufungua mdomo. Yeye alikuwa na ukumbi tu, na watu waliolipa kiingilio.

Uhuru huo ulionekana vizuri zaidi kwenye "Mambo kwa Soksi", wimbo wake wa kuhimiza kondomu wakati UKIMWI ulipokuwa unafyeka watu na wengi wanaogopa hata kuutaja. Redio Tanzania haikuupiga. Kumbuka, wakati huo redio ilikuwa moja tu, kwani stesheni binafsi zilikuja katikati ya miaka ya 1990. Kukataliwa na RTD kulikuwa sawa na kufungiwa mlango wa nchi nzima. Wimbo ukapita dirishani, kwenye kanda za kunakiliwa na kumbi za dansi. Mpaka leo watu wazima wakisikia neno soksi wanacheka kwa namna fulani. Hiyo ndiyo kazi ya bendi isiyo na bosi.

Sasa ziara. Rafiki mmoja aliyekuwa anarudi Ulaya aliondoka na kanda ya Remmy, akaifikisha kwa watu wa WOMAD, tamasha ambalo Peter Gabriel alishiriki kulianzisha na lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Mwaka 1988 Super Matimila wakaalikwa. Fikiria kidogo hiyo safari! Kundi la dansi lililozoea kupiga mpaka alfajiri, wimbo mmoja dakika kumi na zaidi kwa sababu watu bado wanacheza, linapanda jukwaani mbele ya watu wasioelewa neno hata moja, na muda umepangwa kwa saa ya mkononi.

Waliweza. Mwaka huo huo WOMAD wakatoa santuri ya "Nalilia Mwana". Mwaka 1989 wakarekodi kwenye studio za Real World, kijiji cha Box huko Uingereza, ikatoka "Songs for the Poor Man". Mwaka 1992 ikafuata "Mambo", na humo Remmy akaimba baadhi ya nyimbo kwa Kiingereza.

Hapo naomba tusimame. Wapo wanaosema kuimba Kiingereza ilikuwa kujiuza. Mimi naona vingine. Huyu ni mtu ambaye nguvu yake yote ilikuwa kwenye maneno. Kupiga mbele ya umati unaopenda mdundo wako huku haujui kwamba unaomboleza, lazima kulimuuma. Alijaribu kueleweka. Lakini bei yake ilikuwepo: ukisikiliza nyimbo hizo, utani wa Sinza haumo. Utani haukupewa viza.

Na kuna kejeli nyingine ambayo lazima niitaje. Albamu iliyobeba jina la mtu maskini ilirekodiwa na kuuzwa kwa paundi. Mtu maskini wa Manzese aliyeimbwa humo hakuwa na uwezo wa kuinunua, na kwa kawaida hata haikumfikia dukani. Super Matimila waliipa dunia muziki wao, lakini kanda mama ilibaki Uingereza.

Remmy alipata kiharusi mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadaye akageukia injili, na akafariki tarehe 13 Desemba 2010. Kituo cha daladala ndicho mnara wake.

KISHA IKAJA CASIO

Wakati Remmy anazunguka Ulaya, kitu kingine kilikuwa kinatokea nyumbani. Mzee Mwinyi, "Mzee Ruksa", alikuwa amefungua milango ya biashara. Kariakoo ikajaa mitumba, redio za kaseti na vinanda vidogo vya Casio vya kutumia betri, vile ambavyo kwa wenzetu vilikuwa zawadi ya mtoto.

Kinanda kama hicho kilikuwa kimeshafanya maajabu kwingine. Mwaka 1985 huko Jamaika, mdundo uliomo ndani ya Casio MT-40 ulizaa "Sleng Teng", na rege ikaingia zama za kompyuta. Kwa hiyo msidhani vijana wa uswahilini kwetu walikuwa peke yao kuona kwamba kitu cha kuchezea kinaweza kuwa silaha.

Hapa kilikutana na ngoma. Wazaramo na watu wa pwani walikuwa na ngoma zao za harusi, unyago na chakacha tangu zamani. Vijana wa mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakachukua mapigo hayo, wakaweka Casio juu yake, wakaiunganisha na ampilifaya ya kuungaunga na spika za tarumbeta kama zile za mikutano. Mwimbaji akashika kipaza sauti kinachokwaruza. Mwingine akachukua kigoda, ndiyo, kigoda cha kukalia, akakipiga kwa vijiti. Huo ndio mchiriku.

Kundi lililodumu na kuvuma kuliko mengi ni Jagwa Music wa Mwananyamala, Kinondoni. Kiongozi na mtunzi wao ni Abdallah Gora, anayefahamika kama Jolijo, na sauti iliyowatambulisha kwa dunia ni ya Jackson Kazimoto.

Sasa linganisha na NUTA Jazz. Vyombo vyote vya Jagwa vingeweza kubebwa kwenye mkokoteni mmoja. Ngoma zinatengenezwa hapa hapa. Kinanda kikifa, kinatafutwa kingine. Hakuna shirika la kuwafukuza wala mfanyabiashara wa kuja kudai gitaa lake. Hata ukumbi hawakuhitaji. Mchiriku ulipigwa barabarani, mbele ya nyumba ya mwenye shughuli, turubai limefungwa na umeme umevutwa kutoka dirishani. Hapa swali la vyombo ni vya nani lilijibiwa na wapigaji wenyewe: ni vyetu.

Nakumbuka mchiriku wa utotoni kwetu Tandika. Kwanza unasikia spika zikilia kwa mbali, sauti kali, nyembamba, kama bati linalokatwa. Halafu unasikia kigoda. Mama anafunga mlango na kutoa onyo. Kwa wazazi wengi mchiriku ulikuwa jina lingine la uhuni: bangi, visu, wasichana kupotea usiku. Sisemi hofu yao ilikuwa ya bure, kwani usiku wa namna hiyo ulikuwa na vurugu zake. Lakini ukisikiliza mashairi ya Jagwa unakuta mambo ambayo mwandishi wa habari kama mimi nalipwa kuyaandika na mara nyingi siyafikii: kijana asiye na kazi, mapenzi yaliyovunjika kwa sababu ya fedha, ulevi, ushirikina, mtu aliyefiwa na tegemeo lake. Waliripoti mtaa kutoka mtaani.

Redio haikuwataka. Hata stesheni binafsi zilipokuja, nafasi ikaenda kwa Bongo Flava. Jagwa wakaishi kwa kanda zilizouzwa kwenye vibanda na kupigwa kwenye daladala, na kwa malipo ya shughuli. Karibu miaka ishirini hivyo! Niambieni, kama hiyo si bendi huru, ni ipi?

MWANANYAMALA YAFIKA ULAYA

Mlango wa nje ulifunguliwa kwa namna inayofanana na ya Remmy. Safari hii aliyehusika ni Werner Graebner, Mjerumani ambaye amefuatilia muziki wa Afrika Mashariki kwa miongo kadhaa. Mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels ikatoa albamu ya Jagwa iitwayo "Bongo Hotheads".

Kampuni hiyo ilikuwa imeshawazoesha watu wa Ulaya sauti za aina hii. Mwaka 2004 ilitoa "Congotronics" ya Konono N°1 kutoka Kinshasa, kundi linalopiga likembe kupitia ampilifaya za kujitengenezea. Kwa hiyo Jagwa walipofika, masikio yalikuwa tayari. Wakazunguka kwenye matamasha ya huko, na hapa nyumbani wakapanda jukwaa la Sauti za Busara, Zanzibar.

Wahakiki wa Ulaya waliwafananisha na panki, na sioni kama wamekosea. Kasi ipo, makwaruzo yapo, na ule mtazamo wa "tunapiga na tulichonacho" upo. Ila kuna tofauti moja. Panki wa London alichagua kelele kwa kuasi muziki uliosafishwa. Jagwa hawakuchagua makwaruzo, yalikuja na spika. Walichofanya ni kuyapenda mpaka yakawa yao. Wazungu wakalipa kiingilio kusikiliza kitu ambacho sisi tulikuwa tunafunga mlango kisituingie.

Na hawakulazimika kuimba Kiingereza. Hiyo ni hatua moja mbele ya mwaka 1992.

LAKINI KANDA NI ZA NANI?

Hapa ndipo ninapotaka tufikiri pamoja. Super Matimila walianza na vyombo vya mtu mwingine wakafika Wiltshire. Jagwa walianza na vyombo vyao wakafika Brussels. Mwisho wa safari zote mbili, ukitaka kusikiliza rekodi zilizo safi, zenye jina na mwaka, unazipata kwa kampuni ya Ulaya. Siwalaumu hata kidogo waliozitoa. Bila wao tungekuwa na nini? Lakini ni ajabu kwamba tumevuka mtego wa vyombo tukaingia wa kumbukumbu.

Bendi za mashirika, pamoja na utumwa wao wote, zilirekodiwa na RTD, na kanda hizo zina mrithi, ambaye ni TBC. Mchiriku haukuwa na studio ya taifa. Kanda zake za miaka ya 1990 ziko kwenye maboksi chini ya vitanda vya Mwananyamala, Buguruni na Mbagala, zinaliwa na unyevu. Sheria mpya ya hakimiliki ilikuja mwaka 1999, na sheria hailindi kitu kilichooza.

Watoto wa mchiriku wamejifunza kidogo. Singeli, inayokimbia hata mapigo 200 na zaidi kwa dakika, imeiweka Casio pembeni na kuchukua kompyuta, na kompyuta inarekodi huku inapiga. Studio ya Sisso, Mburahati, ilikuwa na mafaili yake yenyewe kabla Nyege Nyege Tapes ya Kampala haijatoa "Sounds of Sisso" mwaka 2017. Baada ya hapo vijana wa singeli wakapanda ndege kama kaka zao wa Jagwa. Angalau safari hii mlango wa kwanza ulikuwa Uganda, jirani tu hapo. Lakini ukimuuliza shabiki wa singeli mwenye miaka 18 kuhusu Jolijo, atakwambia singeli ilianza yenyewe. Huyo hana kosa. Hakuna mahali alipowekewa asikilize.

Basi ombi langu ni dogo. Ukienda nyumbani wikiendi hii, muulize mjomba au shangazi yako kama lile boksi la kanda bado lipo. Usilitupe, na usimpe mtoto azivute utepe achezee. Andika kwenye kila ganda nani kapiga, shughuli ya nani, mtaa gani, mwaka gani, maana wanaokumbuka bado wapo. Kisha tafuta redio ya kaseti inayofanya kazi na simu ya kurekodia. Ikiwa ya Mwananyamala, anza na hiyo.